Risiti Nyeupe na Daftari la Msaragambo

Mkaguzi alichomoa risiti kwenye boksi faili, akaitazama, akaigeuza, kisha akasogea dirishani kuiangalia kwenye mwanga. Ilikuwa nyeupe. Haikuchanika wala kulowa. Ilikuwa karatasi laini isiyo na hata herufi moja, imebanwa kwa pini nyuma ya vocha ya malipo ya saruji. Akachomoa ya pili. Nayo nyeupe, ila kwenye kona palibaki kivuli cha tarakimu mbili. "Dada," akaniambia taratibu, "hapa palikuwa pameandikwa nini?"

Nilijua kilichokuwa kimeandikwa. Risiti ile nilikuwa nimeishika kwa mkono wangu miezi tisa nyuma: mifuko 150 ya saruji, duka la vifaa vya ujenzi hapa Moshi, risiti halali ya mashine, na chini yake namba ya uhakiki ambayo mtu yeyote anaweza kuiingiza kwenye tovuti ya TRA ya Mamlaka ya Mapato akajua kama ni ya kweli. Sasa hata namba hiyo haikuwepo. Karatasi za mashine za EFD, zile za kutolea risiti za kodi, haziandikwi kwa wino. Joto ndilo linaloziandika, na joto hilohilo huzifuta. Mimi nilikuwa nimezipanga vizuri, kwa tarehe na kwa namba za vocha, ndani ya stoo yenye bati bila dari, na zikakaa humo Desemba, Januari na nusu ya Februari. Anayeujua mji wa Moshi miezi hiyo hahitaji maelezo zaidi.

Hiyo ilikuwa Februari 2023, ukaguzi wa mwaka wa kwanza wa mradi wetu. Nilikuwa na miaka minane kazini wakati huo, na sikuwa nimewahi kukataliwa hata shilingi moja na mfadhili. Nayaandika haya kwa ajili ya wahasibu wenzangu wa mashirika, hasa vijana wanaoanza, kwa sababu mambo yaliyotuumiza mwaka ule hayakuhusu wizi hata kidogo. Fedha zilitumika pale zilipopaswa kutumika. Tulishindwa kulionyesha hilo, na kushindwa kwetu kuliwagharimu watu ambao hata jina la mfadhili hawakulijua.

Mradi wenyewe ulikuwa wa kukarabati ndiva katika milima ya Upare, wilaya ya Same, juu ya Makanya. Kwa asiyezijua, ndiva ni bwawa dogo la kukinga maji ya kijito usiku kucha, asubuhi linafunguliwa na maji yanateremka kwa mifereji hadi mashambani kwa zamu. Wapare wamemwagilia kwa ndiva tangu enzi za mababu. Nyingi zilikuwa zimejaa tope na kuta zake zinavuja, na sisi tulipata fedha kutoka taasisi moja ya nje ili zijengwe upya kwa mawe na saruji. Bajeti yote ilikuwa kama shilingi milioni 400, na mkataba ulisema asilimia 15 ya hizo, yaani milioni 60, itoke kwa jamii yenyewe, kwa mali au nguvu kazi.

Tulipousaini mkataba tulilifurahia sharti hilo. Tulijua Upareni hakuna shida ya nguvu kazi, maana kuna msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Mbiu ikipigwa jioni, kesho yake kila kaya inatoa mtu, na asiyetoka ana maelezo ya kutoa mbele ya wenzake. Hesabu tuliipiga mezani: watu 120, siku 40, shilingi 8,000 kwa siku kwa kiwango ambacho kibarua wa kawaida analipwa kijijini. Hiyo ni milioni 38 na laki nne. Ukiongeza mawe na mchanga waliosomba wenyewe, milioni 60 ilikuwa inafikika.

Na ilifikiwa. Watu walitoka kweli, na nadhani walitoka zaidi ya siku 40. Lakini mkaguzi alipouliza ushahidi, nilikuwa na barua moja ya mwenyekiti wa kijiji yenye mhuri, inayosema kwamba "wananchi wameshiriki kikamilifu katika kazi za mradi". Mkaguzi aliisoma mara mbili, akaniuliza ni wananchi gani, siku zipi. Sikuwa na jibu. Mwaka mzima nilikuwa nimekwenda kule mara moja tu, siku ya uzinduzi, nikakaa chini ya turubai na wageni.

Matokeo yalikuwa haya. Shilingi milioni 11 na laki nne za vifaa zilikataliwa, shirika likazirejesha kutoka kwenye akiba yake. Mchango wa jamii ukahesabiwa kuwa sifuri. Mfadhili akazuia awamu ya pili hadi tuonyeshe utaratibu mpya wa kumbukumbu, na hilo lilichukua miezi minne. Februari ikaisha, masika yakaanza, na ukuta mmoja wa ndiva uliokuwa umefika nusu, bila saruji ya kuumalizia, ukabebwa na maji. Mawe yale watu walikuwa wameyabeba kichwani. Hilo bado linanikaa moyoni kuliko zile milioni 11.

Sikuwa na kinyongo na mkaguzi, na sijawahi kuwa nacho. Wako wenzetu wanaowaona wakaguzi kama maadui na kuwaandalia chakula kizuri ili watulie. Yule alikuwa anauliza maswali ambayo mwanakijiji mwenyewe angekuwa na haki ya kuniuliza.

Kabla ya kufika Same, niyataje haraka mambo ya kodi, maana ndiyo yanayowanasa wengi na tiba yake ni nidhamu ya kalenda tu. Kodi za mishahara na SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi, zinalipwa kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Tozo hiyo ilishushwa kuwa asilimia 3.5 Julai 2023, kwa mwajiri mwenye watu kumi au zaidi. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 kwa jumla, na WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, nusu asilimia. Mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 unatakiwa kupelekwa kwa Msajili wa NGOs, na taarifa ya mwaka nayo inakwenda huko pamoja na hesabu zilizokaguliwa. Faini ya kuchelewa hakuna mfadhili anayeilipa. Inatoka mfukoni mwa shirika, na shirika dogo mfuko wake ni mwembamba.

Kodi ya zuio, ile ambayo mlipaji anaikata kabla ya kumkabidhi mtu fedha yake, inahitaji maneno zaidi kidogo, kwa kuwa inahusu mahusiano. Mwenye nyumba wetu ni mzee wa Machame, mstaafu, mtu wa heshima sana. Tulikubaliana kodi ya pango shilingi milioni moja kwa mwezi. Nilipomlipa mara ya kwanza nilikata asilimia 10 ya zuio kama sheria inavyotaka, akapokea laki tisa. Alikuja ofisini siku hiyohiyo.

"Binti yangu, laki moja yangu iko wapi?"

"Shikamoo mzee. Nimeipeleka TRA kwa jina lako, na hati yake hii hapa."

"Mimi sikuwapangisha TRA nyumba. Niliwapangisha ninyi."

Alikuwa na haki ya kukasirika. Hakuna aliyemweleza kabla ya kusaini. Bajeti nayo ilisema milioni moja kamili, kwa hiyo nisingeweza kumwongezea ili abaki na milioni mkononi. Kufanya hivyo kungehitaji milioni moja, laki moja na elfu kumi na moja na ushee, na mfadhili angeniuliza imetoka wapi. Tangu hapo sijaandika bajeti ya pango, ya mshauri au ya fundi bila kumweleza mhusika mapema atapokea kiasi gani mkononi. Huwa nachukua karatasi na kuandika namba mbili mbele yake, ya mkataba na ya kupokea, naye anazitia saini zote mbili.

Suala la dola lilinifundisha kwa ukali zaidi. Mkataba wetu ulikuwa wa dola, matumizi yote ya shilingi. Oktoba 2024 dola moja ilikuwa inauzwa zaidi ya shilingi 2,700, na tulikuwa tunasubiri dola 60,000 za awamu ya mwisho. Mkurugenzi aliniuliza tutapata shilingi ngapi, nikamwambia milioni 162, na mikataba ya mafundi ikaandaliwa kwa hesabu hiyo. Shilingi ikapanda ghafla. Fedha zilipoingia mwishoni mwa Desemba kiwango kilikuwa takribani 2,400. Milioni 144. Milioni 18 zilikuwa zimeyeyuka bila mtu yeyote kukosea chochote, labda mimi niliyeipangia matumizi fedha ambayo haikuwa bado benki. Tulilazimika kufuta banio moja la maji. Siku hizi bajeti ya shilingi naipiga kwa kiwango cha chini kuliko cha siku hiyo, na mafundi wanasaini kwa hatua, hatua ya pili ikisubiri fedha ya pili. Ikibaki ziada, tunamwandikia mfadhili kuomba ridhaa ya kuitumia. Hakuna aliyewahi kutukatalia.

Sasa turudi Same.

Machi 2023 nilimwomba mkurugenzi aniruhusu kukaa kijijini wiki mbili. Alishangaa, maana tumezoea kwamba mhasibu ni mtu wa ofisini na shambani ni kwa maafisa wa mradi. Nikapanda gari hadi Same, kama kilomita 100, kisha pikipiki kupanda mlimani. Nilifikia kwa mama mmoja, mweka hazina wa kamati ya ndiva, mjane wa umri wa mama yangu. Sitamtaja jina, lakini mengi ninayoyajua leo kuhusu kutunza kumbukumbu nilijifunza barazani kwake.

Nilikuwa nimechapisha fomu nzuri yenye safu kumi na moja: jina, jinsia, namba ya kitambulisho, saa ya kuingia, saa ya kutoka, aina ya kazi, na kadhalika. Siku ya kwanza ya msaragambo katibu alianza kuijaza saa moja asubuhi, na saa tatu alikuwa amefika mtu wa ishirini na tisa. Watu walisimama foleni wakiwa na majembe badala ya kufanya kazi. Yule mama akanivuta pembeni. "Mwanangu, hii karatasi yako inakula siku ya watu."

Jioni tukakaa naye kwenye koroboi na daftari la kawaida la shule, kaunta buku. Akachora mwenyewe. Kila kaya mstari mmoja, jina la kaya likiandikwa mara moja tu mwanzo wa daftari, na siku zikienda kulia. Aliyekuja anatia kidole gumba kwenye kisanduku cha siku hiyo, asiyekuja panabaki mstari mfupi. Chini ya kila siku, sentensi moja ya kazi iliyofanyika: "kuzoa tope", "kubeba mawe kutoka korongoni". Mwisho wa siku katibu, mweka hazina na mwenyekiti wanatia saini. Kesho yake zoezi zima lilichukua dakika ishirini.

Nilipiga picha za kurasa hizo kwa simu, nikamtumia mkaguzi na kumuuliza kama zinatosha. Akajibu kwamba zinatosha, mradi kuwe na barua ya kuonyesha kiwango cha kibarua cha eneo lile kimetoka wapi. Nimegundua baadaye kwamba hata kanuni za serikali ya Marekani, zile za fedha za ruzuku, 2 CFR 200, ambazo wengi wetu tunaziogopa, zinaukubali mchango wa kujitolea kwa masharti yaleyale: uwe na kumbukumbu, na thamani yake ilingane na malipo ya kazi kama hiyo mahali hapo. Wapo wafadhili wasioukubali kabisa, wanataka fedha taslimu. Hilo liulizwe kabla ya kalamu kugusa mkataba.

Jambo moja lilinipa shida wiki ya pili. Nilipopitia daftari nilikuta siku tatu mfululizo hakuna mstari mfupi hata mmoja. Kaya zote 120 zimekuja, alama za vidole zote zipo. Nikamuuliza katibu, kijana mwema kabisa, akanieleza bila kuficha kwamba waliokosa walikuwa wagonjwa au wana wageni, na majirani zao wakawatilia dole ili wasiaibike. "Si watakuja siku nyingine, dada?" Kwake huo ulikuwa utu. Kwangu ulikuwa unaharibu daftari zima, kwa sababu siku tatu zisizo za kweli zinamfanya mkaguzi atilie shaka na zile nyingine za kweli.

Nilijua uchungu wa jambo hilo kwa kuwa lilikuwa limetukuta ofisini. Dereva wetu alikuwa analipwa na miradi miwili, asilimia 60 kwetu na 40 kwa mwingine, na fomu zake za saa za kazi zilionyesha saa nane kila siku bila kukosa, hata tarehe 8 Agosti, sikukuu ya Nane Nane. Logibuku ya gari ilionyesha kwamba wiki hiyohiyo gari lilikuwa gereji siku tatu. Hakuwa mwizi. Alikuwa anajaza fomu ya mwezi mzima kwa mkupuo, tarehe 30, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa namkumbusha tarehe 30. Sasa wanajaza kila Ijumaa, nami nazilinganisha na logibuku kabla ya kuandaa mishahara.

Kwa hiyo nilimwomba mwenyekiti nafasi kwenye mkutano wa kijiji. Niliwaeleza kuhusu ukuta uliobebwa na maji, na kwamba fedha za kuumalizia zilizuiwa kwa sababu ofisini kwangu hapakuwa na karatasi ya kuonyesha jasho lao. Palikuwa kimya. Nikasema aliyekosa siku yake abaki na mstari mfupi, si aibu, mwenye msiba ana msiba. Mzee mmoja akauliza kama mzungu atawapunguzia mradi akiona mistari mingi. Nikamjibu kwamba atawaamini zaidi. Sikuwa na uhakika kamili, lakini niliamini hivyo.

Malipo nayo tuliyabadilisha. Nauli za mafunzo tulikuwa tunazigawa taslimu kwa karatasi ya saini, tukahamia kutuma kwa simu. Nilidhani hapo nimemaliza kazi, maana taarifa ya kampuni ya simu inaonyesha jina, namba, kiasi na saa. Orodha ya kwanza ilirudi na majina yasiyofanana kwa wanawake 31 kati ya 54. Laini nyingi za akina mama wa milimani zimesajiliwa kwa majina ya watoto wao. Ulipowekwa usajili wa alama za vidole, ule ambao laini zilianza kuzimwa Januari 2020, mwenye kitambulisho cha taifa cha NIDA nyumbani alikuwa kijana, akamsajilia mama yake. Kwenye karatasi ilionekana kana kwamba tumewalipa vijana wa kiume wasiohudhuria mafunzo. Tulitengeneza fomu fupi ya ridhaa, mama anaandika namba anayotaka itumike na jina la aliyeisajili, na mtendaji wa kijiji anashuhudia. Waliotaka kupokea taslimu tuliendelea kuwapa taslimu. Baadhi walinieleza kwa siri sababu zao, na sababu za mama kutotaka fedha ipite kwenye simu ya mwanawe si jambo la kuandikwa kwenye vocha.

Risiti sasa tunatoa fotokopi siku ileile na kuibana pamoja na yenyewe, kisha tunaskani. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5, mkataba wetu ulitaka 7. Stoo tumeiwekea dari.

Ukaguzi wa mwisho ulikuwa Februari 2025. Mkaguzi, yuleyule, alisema hataki kuliona daftari Moshi, anataka kuliona lilikozaliwa. Tukapanda naye. Mama mweka hazina alituwekea viti barazani, akaleta daftari limefungwa kwa kanga, kurasa zimechafuka udongo mwekundu na alama za zambarau za vidole. Mkaguzi alifungua katikati, akapitisha kidole kwenye mistari, akasimama kwenye kaya ya mama mwenyewe.

"Mama, shikamoo tena. Hapa kuna siku mbili hukuja?"

Mama alivaa miwani yake, akainama kuangalia tarehe.

"Marahaba. Nilikuwa Hedaru, kwenye msiba wa shemeji," akasema. "Siku ya tatu nilirudi. Hiyo hapo, ya mawe."